Ikisiri yangu imekubaliwa Mombasa, lakini nyumbani wananiuliza nitarudi na nini

BARUA

Shikamoo Mama Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata, wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini. Nafundisha kidato cha kwanza hadi cha tatu, na darasa langu dogo kuliko yote lina wanafunzi 68. Karibu wote nyumbani kwao wanazungumza Kisukuma, lugha niliyonyonya nayo hata mimi.

Mwaka jana nilichoka kusahihisha makosa yaleyale. Mtoto anaandika "Nimesahau karamu yangu nyumbani", halafu kwenye insha ya harusi anaandika "Tulialikwa kwenye kalamu". Mwingine anaandika "tutoto tule tulikuwa tunacheza", kwa sababu Kisukuma kina ka- na tu- za udogo na mtoto anazihamisha zilivyo. Wino mwekundu haukusaidia kitu. Ndipo nikaanza kuugawa ubao: upande mmoja sentensi za Kisukuma, upande wa pili za Kiswahili, tunalinganisha ngeli kwa ngeli, na watoto wenyewe wanaonyesha mahali lugha hizi mbili zinapoachana. Makosa ya upatanisho yameanza kupungua. Ya l na r bado yananishinda.

Mwalimu niliyesoma naye chuo akanitumia wito wa makala wa kongamano la kimataifa la walimu wa Kiswahili, Mombasa, siku tatu, wakati wa likizo ya Desemba. Niliandika ikisiri, yaani muhtasari wa mada yangu juu ya ule ubao, kwenye simu usiku watoto wakiwa wamelala, nikaituma bila kumwambia mtu. Baada ya wiki tano nikajibiwa kwamba imekubaliwa. Mama, nililia.

Sasa shida. Ada ya ushiriki, nauli ya kwenda na kurudi na mahali pa kulala, nikijumlisha, napata kama laki tisa na nusu. Kikoba chetu tunavunja Novemba na mimi nitatoka na laki saba hivi. Mume wangu ni fundi seremala, mtu mpole, hajawahi kunizuia jambo la kazi. Lakini hela hiyo tulikubaliana tangu Januari kwamba ni ya bati za vyumba viwili vya nyuma. Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akauliza: "Unakwenda kulipa hela ili usome karatasi yako na uwasikilize wenzako wakisoma zao? Si wakutumie kwenye simu usomee hapa?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mkuu wa shule naye akasema hayo ni mambo ya watu wa vyuo vikuu, akauliza kama nitapandishwa daraja kwa ajili hiyo. Kuna mwalimu mwenzangu aliyewahi kwenda kwenye mkutano kama huo. Aliporudi tulimwona na mkoba mpya na cheti, basi.

Na kuna hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu. Nikifungua mdomo tu, mtu wa pwani anajua nimetoka Kanda ya Ziwa. Nitasimamaje Mombasa, mbele ya maprofesa na wenye Kiswahili chao, niwaeleze habari za Kiswahili kwa lafudhi hii?

Nisaidie mama. Mwalimu wa darasani kama mimi anapata nini huko? Ni haki kutumia hela ya bati? Na nikienda, nisome nilichoandika au nizungumze tu?

Ni mimi mwanao,
Mwalimu wa Maswa

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana jioni, nikairudia leo asubuhi, na mara zote mbili nimesimama palepale, kwenye swali la mumeo. Ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniletea. Nitaanza nalo, maana hata mimi niliwahi kuulizwa hivyo na mama yangu mzazi, na niliporudi kutoka kongamano langu la kwanza sikuwa na cha kumjibu.

Nilikwenda nikiwa na miaka tisa kazini, kama wewe ulivyokuwa juzi tu. Nilikaa safu ya nyuma. Nilisikiliza mada kumi na saba kwa siku tatu, nikanakili mambo mpaka vidole vikauma. Wakati wa chai nilisimama na walimu wa mkoa wangu, tukala pamoja, tukarudi bweni moja, tukacheka habari za nyumbani. Nikarudi na mkoba, kalamu mbili na cheti. Jumatatu nilifundisha somo lilelile kwa namna ileile, na lile daftari sijalifungua mpaka leo. Kwa hiyo huyo mwenzako usimlaumu. Inawezekana kabisa mtu akaenda, akahudhuria kila kikao, akarudi mtupu.

Mumeo yuko sahihi kuhusu karatasi. Makala nyingi zinazosomwa kwenye makongamano baadaye huchapishwa, na nyingine zinapatikana bure kwenye mtandao. Kama ulichofuata Mombasa ni karatasi, kaa nyumbani, ezeka nyumba yako, uzisome simu ikiwa kwenye chaji.

Sasa nikueleze kilichonitokea safari ya pili, miaka minne baadaye. Asubuhi ya siku ya kwanza nilichelewa chai, meza ya watu wa kwetu ikawa imejaa. Nikakaa na mama mmoja mwalimu kutoka Nyeri, kule Kenya. Tukaulizana hali, tukaulizana madarasa, na kabla kikombe hakijaisha akawa ananilalamikia wanafunzi wake: wanaandika "kura chakula" na "kupiga kula". Nilishtuka. Wakati ule nilikuwa nimehamishiwa shule moja huko kwenu, na nilidhani ugonjwa wa l na r ni wa Usukumani peke yake. Yule mama akanieleza kwamba Kikuyu kina r lakini hakina l. Kisukuma kina l lakini hakina r. Watoto wake na watoto wangu walikuwa wamesimama kwenye kingo mbili za mto mmoja!

Ndiyo maana mtoto wako anaandika "karamu" akiwa anataka kalamu. Ukitazama juu juu utashangaa: kama lugha yake haina r, hii r ameitoa wapi? Ameitoa kwenye hofu. Amesahihishwa mara nyingi mno mpaka anajua kwamba Kiswahili kina sauti fulani ambayo yeye hana, na sasa anaitia hata pasipo pake ili asionekane mshamba. Kila unapomchorea mstari mwekundu hofu inazidi, na r zinaongezeka.

Yule mama wa Nyeri alikuwa ameshapita hapo. Alinionyesha alichokuwa akikifanya, na alinionyesha pale pale mezani, kwa kunifanya mimi mwanafunzi wake. Alikuwa na jozi za maneno: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari, hali na hari, fahali na fahari. Mwalimu anasimama nyuma ya darasa ili watoto wasiuone mdomo wake. Anataja neno moja. Wakisikia "kula" wananyosha mkono wa kulia, wakisikia "kura" wa kushoto. Hakuna anayetamka kitu. Dakika kumi kila kipindi, wiki tatu nzima, masikio tu. Kwa sababu mtoto hawezi kuitamka kwa hiari yake tofauti ambayo sikio lake halijaikamata, na sisi tulikuwa tukimkimbiza kwenye ulimi kabla hajapita sikioni. Wiki ya nne ndipo wanatamkiana wawili wawili, mmoja anasema, mwenzake ananyosha mkono. Mwisho kabisa ndiyo imla.

Nilirudi nikaanza Jumatatu ileile. Sikwambii kwamba makosa yalikwisha, lakini kufikia muhula wa pili watoto walikuwa wanajisahihisha wenyewe kabla sijafika kwenye dawati. Jaribu hata kabla hujasafiri, uende Mombasa ukiwa na la kusimulia juu yake.

Hiyo mbinu sikuisikia kwenye mada yoyote ya siku zile tatu. Haikuwa imeandikwa popote. Yule mama hakuwa msomaji wa mada hata moja, alikuja kusikiliza tu kama mimi. Mwambie baba watoto kwamba hicho ndicho ambacho simu haimletei: mwalimu mwenye darasa kama lako, ambaye hujui kama yupo, kwa hiyo huwezi hata kumtafuta kwenye mtandao. Na yeye hajui kama ana jambo la kukupa mpaka umtajie shida yako kwa mdomo wako.

Kuna faida nyingine ambayo mwalimu wa Kiswahili wa kwetu hawezi kuipata shuleni kwake hata akae miaka mia. Kwenye makongamano haya utakutana na watu wanaomfundisha Kiswahili mtu asiyejua hata "habari gani", huko Marekani, Ujerumani, Uchina na kwingineko. Kijana mmoja wa Kitanzania aliyekuwa amefundisha mwaka mmoja kwenye chuo kikuu cha Marekani alituuliza kikaoni: "Mwanafunzi wangu anauliza, kama -me- ni ya jambo lililokwisha, mbona mnasema 'amesimama' kwa mtu ambaye bado yuko wima?" Ukumbi ulinyamaza. Mimi nilikuwa nimefundisha -me- kwa miaka kumi na tatu, timilifu, wakati uliopita hivi karibuni, mifano ubaoni, maswali ya mtihani, na sikuwahi kuliona jambo hilo. Amesimama, amekaa, amelala, amevaa, amechoka, ameshiba: tendo la kuingia katika hali limekwisha, hali yenyewe inaendelea. Mtoto wa Maswa analitumia vizuri kila siku bila kuambiwa, kwa hiyo mwalimu wake hana sababu ya kulifikiria. Inabidi aje mgeni aulize.

Wageni wanauliza mengi ya namna hiyo. Kwa nini "mtoto wangu" lakini "baba yangu", na wakiwa wengi "ndugu zangu", ilhali wote ni watu na wote tunasema "amekuja, wamekuja"? Siku nilipolipeleka swali hilo kidato cha tatu, walibishana kipindi kizima, na wale wanaosinzia nyuma ndio waliokuwa mbele. Somo la sarufi likawa uchunguzi wa lugha yao wenyewe badala ya kukariri orodha. Hiyo nayo niliibeba kutoka kongamanoni, tena kutoka kwenye swali ambalo sote tulishindwa kulijibu vizuri.

Utashangaa pia na mambo ya majirani. Mwalimu wa Kenya akisema "tarakilishi" na wewe unasema "kompyuta", mtaelewana. Lakini mkianza kuhesabu ngeli mtagundua kwamba yeye anazigawa kwa viambishi vya upatanisho peke yake, A-WA, LI-YA, mpaka I-I na YA-YA, wewe umefundishwa kuzigawa kwa maumbo ya nomino pia, na yule aliyetoka Ulaya anazitaja kwa namba tangu ya kwanza hadi ya kumi na nane. Lugha ni moja, ramani ni tatu. Mada yako ya kulinganisha ngeli za Kisukuma na za Kiswahili itaeleweka vizuri zaidi kwa wote ukiweka zile namba pembeni, maana ndizo wanazotumia wachunguzi wa lugha zote za Kibantu. Tenga jioni moja uzijifunze.

Nije kwenye hela, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Ahadi ya bati ni ahadi. Mliiweka wawili, huwezi kuivunja peke yako, hata kwa jambo jema. Usimfiche mumeo hata senti moja na usikope kwa riba kwa ajili ya safari hii. Lakini laki tisa na nusu si lazima iwe laki tisa na nusu. Waandikie waandaaji leo, barua fupi ya adabu, useme wewe ni mwalimu wa sekondari, unajilipia mwenyewe, na uulize kama kuna punguzo la ada. Makongamano mengi yana ada tofauti kwa wanafunzi na kwa washiriki wa Afrika Mashariki, na wakati mwingine wanapunguza zaidi kwa anayeomba mapema. Uliza kama kuna mwalimu wa kike anayetafuta wa kugawana naye chumba. Usilale hoteli ya mkutano, tafuta nyumba ya wageni ya bei nafuu mtaa wa pili au bweni la chuo kama wanalo. Njia ya Singida, Arusha, Holili hadi Taveta na Voi kwa basi ni ndefu na inachosha, lakini inafika. Ukifanya hivyo jumla itashuka, kisha kaeni na mumeo muone: labda chumba kimoja kiezekwe sasa na cha pili baada ya mavuno. Akikubali kwa moyo, nenda. Akisema mwaka huu hapana, kwa sababu mvua inaingia watoto wanapolala, basi watoto kwanza. Waombe waandaaji uwasilishe kwa njia ya mtandao kama wanaruhusu. Utapoteza ile meza ya chai, nisikudanganye, lakini mada yako itasikika na jina lako watalijua.

Ukimweleza, usimweleze kwa maneno makubwa ya kukuza taaluma. Yeye ni seremala. Muulize alijifunzaje kuunga mbao: kwa kusoma, au kwa kusimama karibu na fundi mwingine akitazama mikono yake? Najua atakujibu nini.

Mkuu wako wa shule naye ana hoja. Cheti cha kongamano hakitakupandishia mshahara kesho, na kama unakwenda kwa ajili hiyo utaumia. Lakini kusema ni mambo ya vyuo vikuu si kweli. Maprofesa wana nadharia, na wanaihitaji mifano hai kutoka darasa la watu 68. Wengi wao hawajasimama kwenye darasa kama hilo kwa miaka ishirini. Wewe ndiye mwenye daftari za watoto. Hata hivyo mheshimu kama kiongozi wako: wewe ni mtumishi wa umma, kibali cha kutoka nje ya nchi ni lazima hata kama ni likizo, na barua yako kwa mkurugenzi inapita mezani kwake. Ianzishe mapema, iambatanishe na barua ya kukubaliwa. Mwahidi pia kwamba ukirudi utakaa na walimu wa lugha wa kata yenu, wa Kiswahili na wa Kiingereza, saa moja jioni moja, uwaonyeshe ulichokipata. Halafu ufanye kweli.

Hao wa Kiingereza uwaambie nao wana pa kwenda. Walimu wa Kiingereza duniani wana vyama vya siku nyingi, TESOL cha Marekani tangu 1966 na IATEFL cha Uingereza tangu 1967, na hicho cha pili hutoa ufadhili wa kuhudhuria mkutano wake. Sisi wa Kiswahili tuna CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, tangu 2012, tuna CHAKAMA, chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki, na kule Bayreuth, Ujerumani, wanakutana kila mwaka kuzungumzia Kiswahili. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya lugha yetu, Novemba 2021, mialiko imeongezeka.

Na matapeli nao wameongezeka, kwa hiyo sikiliza hapa. Jibu la mkutano wako umelisubiri wiki tano, ni dalili nzuri: kuna watu wameisoma ikisiri yako. Ukipata mwaliko wa mkutano ambao hukuomba, unaochanganya lugha, udaktari, uhandisi na biashara siku moja, unaokubali ikisiri yako siku ya pili, unaokuahidi kuchapishiwa makala kwa wiki moja, na unaotaka ulipe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, futa. Ni biashara ya kuuza vyeti. Kabla hujatuma hela hata kwa huu wa Mombasa, hakikisha chama au chuo kinachoandaa kinafahamika na kwamba ukumbi kinaoutaja una habari za mkutano huo. Simu moja inatosha.

Ukifika, usifanye kama mimi safari ya kwanza. Usihudhurie kila kitu. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza soma kitabu cha ikisiri, chagua mada tatu nne kwa siku zinazogusa darasa lako, muda mwingine uwe wa watu. Nenda na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi: "Watoto wako wanakosea nini ambacho umeshindwa kukirekebisha?" Muulize kila unayekaa naye. Kila jioni kabla ya kulala andika kitu kimoja tu utakachokifanya Januari shule zikifunguliwa. Kimoja. Ukirudi na vitatu umerudi tajiri.

Uliuliza usome au uzungumze. Zungumza. Utapewa dakika kumi na tano, labda ishirini, na karatasi ya kurasa kumi haisomeki kwa muda huo bila kukimbia. Chagua mambo matatu. Beba kurasa halisi za daftari za wanafunzi, nne au tano, majina yamefunikwa, uzipige picha uziweke kwenye slaidi. Lakini chapisha na nakala kumi za karatasi, maana projekta hugoma. Waonyeshe "tutoto tule". Waonyeshe ubao wako uliogawanywa. Waambie wazi kwamba l na r bado vinakushinda. Hapo ndipo mikono itakaponyoshwa. Mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, muombe mwenyewe aseme analolijua, uliandike.

Nimebakiza lafudhi yako.

Mwaka 1928, mwezi wa Juni, kilifanyika kikao hukohuko Mombasa. Wakoloni waliwaita wajumbe kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar waamue ni Kiswahili kipi kitafundishwa shuleni. Mjerumani Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, alikuwepo. Wamisionari wa Mombasa walikitetea Kimvita, lahaja ya mji ule, aliyoitungia mashairi Muyaka bin Haji karne nzima kabla yao. Wakashindwa. Kikachaguliwa Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Hicho ndicho unachokifundisha Maswa, na ndicho kinachofundishwa Mombasa pia.

Fikiria maana yake. Mtoto wa Mombasa anayeandika "mtanga" akimaanisha mchanga, kama bibi yake anavyosema, naye anachorewa mstari mwekundu. Yeye pia analeta shuleni lugha ya nyumbani, na mwalimu wake pia anatafuta namna ya kumvusha bila kumdhalilisha. Wewe unaogopa kwenda mbele ya wenye Kiswahili, na watakaokusikiliza pale ni watu ambao Kiswahili chao kiliwekwa kando kwenye kikao cha mji wao wenyewe. Mada yako inawahusu kuliko unavyodhani. Waeleze kwa lafudhi uliyozaliwa nayo, taratibu, bila kuomba radhi.

Na siku ya kwanza, mwenyeji wako akikwambia "ndoo", usitazame ndoo ya maji iko wapi. Anakuita: njoo. Kaa naye, muulize kama shuleni aliwahi kukatwa alama kwa neno hilo, kisha umtolee zile daftari.